Namna ya Kukusanya Kadi za Kale za Besiboli Zilizopewa Daraja, na Kuzijua Bei Zake za Kweli

Kadi ya kale ya besiboli ni kipande cha karatasi ngumu chenye picha ya mchezaji, ambacho hapo mwanzo hakikuuzwa kama bidhaa yenyewe bali kilitiwa ndani ya pakiti ya sigara, na baadaye ya chingamu, ili pakiti isipondeke na mnunuzi arudi tena kumtafuta mchezaji mwingine. Watoto wa Marekani walizichezea, wakazibandika kwenye daftari, wakazipachika kwenye spoku za baiskeli, na walipokua wazazi wao wakazitupa. Zile chache zilizosalia zikiwa na pembe kali na rangi hai ndizo zinazogombaniwa leo minadani. Mwezi Agosti 2022 kadi moja ya Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa na nyumba ya mnada ya Heritage kwa dola milioni 12.6.

Habari za bei kama hiyo huwavuta wengi, na wengi huingia kwa pupa. Mwongozo huu nimemwandikia msomaji wa Kiswahili, hasa anayeishi Marekani au Kanada na anayezikuta kadi hizi kwenye maonyesho ya mwishoni mwa wiki au mtandaoni, akitaka kuanza kwa fedha za kawaida. Kadi iliyopewa daraja ni ile ambayo kampuni ya kupima imeikagua, ikaipa nambari ya hali yake kutoka 1 hadi 10, na kuifunga katika kasha lenye lebo. Nitashikilia jambo moja: nambari iliyo kwenye lebo ni rai ya mpimaji juu ya hali ya karatasi, ilhali bei hutoka kwa watu wanaoitaka kadi ile, na mnunuzi mwangalifu hana budi kuvitenganisha vitu hivyo viwili kila anapotoa fedha yake.

Hatua ya kwanza: Chagua seti moja na uijue vizuri

Kosa la wanaoanza ni kununua kadi moja hapa na nyingine pale, za miaka tofauti na makampuni tofauti, kiasi kwamba hawapati kamwe kuzoea sura halali ya toleo lolote. Chagua seti moja, uitazame kwa miezi kadhaa, usome habari zake, na ununue humo tu mpaka jicho lako lizoee rangi, unene na uchapaji wake.

Kwa kadi zilizotoka kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, seti ninayoipendekeza kuliko zote ni T206, iliyotolewa kati ya 1909 na 1911 na kampuni ya American Tobacco. Jina hilo halikutoka kwa kampuni. Lilitungwa na mkusanyaji Jefferson Burdick, ambaye aliziorodhesha kadi za Marekani kwa herufi na nambari, kisha akautoa mkusanyo wake wote kwa jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Seti hii ina kadi zipatazo 524. Kadi zake ni ndogo, zenye pambizo nyeupe na picha zilizochapwa kwa rangi ambazo hata baada ya zaidi ya miaka mia moja zinapendeza. Kwa sababu zilitiwa ndani ya mamilioni ya pakiti za sigara, kadi za wachezaji wa kawaida bado zinapatikana kwa wingi, na mtu wa kipato cha wastani anaweza kununua moja yenye daraja la 2 au la 3 bila kujiumiza.

Uzuri wa T206 uko pia mgongoni. Upande wa nyuma una tangazo la chapa ya sigara au tumbaku, na chapa zenyewe ni 16. Piedmont na Sweet Caporal ndizo za kawaida, ilhali Drum na Uzit ni adimu, na mchezaji yule yule asiye na jina kubwa anaweza kuuzwa kwa mara kadhaa ya bei ya kawaida kwa sababu tu ya maneno yaliyo nyuma yake. Kadi zenye mgongo wa Polar Bear zilifungwa pamoja na tumbaku yenyewe ya kutafuna, si sigara, ndiyo maana nyingi zina madoa ya kahawia. Mkusanyaji aliyezizoea hashtuki akiyaona. Mtu asiyejua haya huiuza kadi adimu kwa bei ya kawaida, na hutokea mara nyingi kuliko mtu anavyodhani.

Katika seti hii ndimo ilimo kadi ya Honus Wagner, ambayo uchapaji wake ulikatishwa mapema baada ya mchezaji huyo kukataza isitolewe. Zinazojulikana kuwapo hazifiki mia moja. Moja iliyopewa daraja la 3 na kampuni ya upimaji ya SGC iliuzwa mwaka 2021 kwa dola milioni 6.6, na mwaka uliofuata nyingine yenye daraja la 2 tu ikauzwa kwa milioni 7.25. Angalia vizuri: iliyokuwa na daraja la chini ndiyo iliyouzwa kwa bei ya juu.

Seti ya pili inayofaa ni Goudey ya 1933, yenye kadi 240, iliyouzwa pamoja na chingamu. Babe Ruth anaonekana humo mara nne, katika nambari 53, 144, 149 na 181, na zote nne ni ghali. Kadi nambari 106, ya Napoleon Lajoie, haikutolewa kabisa mwaka huo. Wakusanyaji walipolalamika kwamba seti haikamiliki, kampuni iliichapa mwaka 1934 na kuwatumia kwa posta waliokuwa wameandika barua.

Ya tatu ni Topps ya 1952, yenye kadi 407. Topps ndiyo kampuni iliyoleta chingamu ya Bazooka, jina ambalo wengi wetu tulikua tukiliita kila chingamu. Kadi za kuanzia nambari 311 zilitolewa mwishoni mwa msimu, watu wakiwa wameshaanza kufikiria michezo mingine, na nyingi zikabaki ghalani. Sy Berger, aliyeibuni seti hiyo, alisimulia mwenyewe kwamba mwaka 1960 aliyapakia masanduku yaliyosalia kwenye tishari na kuyamwaga katika bahari ya Atlantiki. Hata hivyo kadi ya Mantle, nambari 311, ilichapwa mara mbili zaidi ya jirani zake nyingi katika karatasi ya uchapaji, kwa hiyo wapo wachezaji wengine wa kundi lile ambao kadi zao ni chache kuliko yake na bado zinauzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei yake. Uhaba hauwezi kupandisha bei peke yake; lazima wawepo watu wanaomtaka mchezaji huyo. Nakuomba hili ulikumbuke kila muuzaji anapokuambia kwamba kadi yake ni adimu.

Kadi za katikati ya miaka ya 1980 hadi mapema miaka ya 1990 usizihesabu miongoni mwa kadi za kale. Zilichapwa kwa wingi mno, na sanduku zima la kadi hizo mara nyingi halilipi gharama ya kupima kadi moja.

Hatua ya pili: Jifunze kuisoma lebo

Kampuni ya kupima hupokea kadi, huthibitisha kwamba ni halisi, huangalia kama imechezewa ili ionekane bora, huipa daraja, kisha huifunga ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo na nambari ya cheti. Kati ya kampuni hizo, PSA ilianzishwa mwaka 1991, SGC mwaka 1998, na Beckett ikaanza kupima mwaka 1999. Tangu Februari 2024, PSA na SGC ziko chini ya mmiliki mmoja, kampuni iitwayo Collectors, ingawa kila moja inaendelea na kasha lake na lebo yake.

Kipimo huenda kutoka 1 hadi 10. Daraja la 1 ni kadi iliyochakaa, yenye mikunjo mizito au doa kubwa. La 3 au la 4 ni kadi iliyoshikwa na watu lakini yenye heshima. La 7 ni karibu na mpya. La 8 na la 9 kwa kadi ya kabla ya vita ni nadra sana. Kwa kadi ya Mantle ya 1952, PSA imetoa daraja la 10 kwa kadi tatu tu.

Zingatia herufi zinazoweza kufuata nambari kwenye lebo ya PSA, kwa kuwa wanaoanza huzipita bila kuziona. OC humaanisha kwamba picha haikukaa katikati, ST kwamba ina doa, MK kwamba imeandikwa kwa kalamu au penseli, PD kwamba ina kasoro ya uchapaji, MC kwamba ilikatwa vibaya kiwandani. Kadi ya daraja la 8 yenye OC haiuzwi kwa bei ya daraja la 8. Wakusanyaji wengi huipunguzia madaraja mawili kwanza, ndipo wanapoanza kujadili bei. Lebo iliyoandikwa neno la kuthibitisha uhalisi bila nambari yoyote ina maana kwamba kadi ni ya kweli lakini kwa kawaida imekatwa kingo, imepakwa rangi au imerekebishwa kwa namna nyingine. Kadi ya namna hiyo si haramu kuinunua. Kwa mtu anayetamani uso wa Ruth au wa Ty Cobb na hana fedha nyingi, inaweza kuwa njia ya busara, ilimradi alipe bei ya kadi iliyorekebishwa na si zaidi.

Kwa nambari ile ile, kadi za baada ya vita zilizomo ndani ya kasha la PSA kwa kawaida huuzwa ghali kidogo kuliko za wengine. Kwa kadi za kabla ya vita, SGC inaheshimiwa sana, na wengi hupenda jinsi karatasi nyeusi iliyo ndani ya kasha lake inavyoizingira kadi na kuonyesha pambizo zake.

Hatua ya tatu: Itazame kadi kabla ya kuitazama nambari

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Funika lebo kwa kidole, uitazame kadi, ukadirie daraja lake mwenyewe, kisha ufunue. Fanya hivyo kwa kadi mia moja na utaanza kuona mambo ambayo hapo kabla ulikuwa unaambiwa tu.

Anza na ukaaji wa picha. Pima pambizo ya kushoto na ya kulia kwa rula ya milimita: ikiwa kushoto ni milimita 3 na kulia ni 2, uwiano ni 60 kwa 40, jambo ambalo jicho hulivumilia bila shida. Ikiwa ni 4 kwa 1, uwiano ni 80 kwa 20, na kadi itaonekana imeegemea upande mmoja hata ukiwa mbali. Fanya vivyo hivyo juu na chini. Kisha tazama pembe nne kwa kioo cha kukuzia mara kumi, halafu kingo, halafu uso wa kadi ukiuinamisha kwenye mwanga ili mikunjo midogo ijitokeze. Mkunjo mwepesi usioonekana kadi ikitazamwa wima unaweza kuishusha kutoka daraja la 6 hadi la 3, na ndiyo sababu utakutana na kadi za daraja la 3 zinazopendeza kuliko nyingine za la 5. Hizo ndizo ninazozitafuta mimi. Nalipa bei ya nambari ya chini na napata kadi inayofurahisha macho, na ninapoiuza mnunuzi naye huiona, hunilipa zaidi kidogo ya wastani.

Kipimo cha kadi ni ushahidi. T206 ya kawaida ina upana wa karibu milimita 36.5 na urefu wa 66.7, Goudey ya 1933 ni 60.3 kwa 73. Topps ya 1952 ni 66.7 kwa 95.3, na kuanzia 1957 Topps ilishika kipimo cha 63.5 kwa 88.9 ambacho kingali kikitumika. Nakala za Topps ya 1952 zilizochapwa upya mwaka 1983 ni za kipimo hicho kidogo, kwa hiyo rula ya shilingi chache inatosha kukuokoa na hasara kubwa. Kwa upande mwingine, kadi iliyo nyembamba kidogo kuliko inavyopaswa, yenye ukingo mmoja mweupe na mkali mno ilhali mingine imechakaa, yumkini imekatwa ili pembe zionekane mpya.

Taa ya urujuanimno nayo ni chombo cha bei ndogo na chenye faida kubwa. Karatasi ya kisasa ina kemikali za kuing'arisha ambazo hazikuwamo katika karatasi ya 1909 wala ya 1933. Kadi inayodaiwa kuwa ya miaka hiyo na ikang'aa kwa rangi ya samawati nyeupe chini ya taa hiyo gizani, iweke chini. Fanya jaribio hili kwa kadi isiyo ndani ya kasha, kwa kuwa plastiki huweza kuzuia miale.

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua Goudey isiyopimwa kutoka kwa muuzaji mmoja mwenye maneno matamu. Sikuwa na rula wala taa, na nilikuwa nimeshaipenda kadi kabla ya kuikagua. Nilipoipeleka kupimwa ilirudi bila nambari, kwa maelezo kwamba imekatwa. Tangu siku hiyo, kwa kadi yoyote inayozidi thamani ya dola mia moja, sinunui iliyo nje ya kasha isipokuwa nimeipima kwa mkono wangu.

Hata kasha si kiapo. Kadi ya kwanza kabisa kupewa daraja na PSA ilikuwa Wagner ya T206, iliyopewa la 8, ambayo mwaka 1991 ilinunuliwa kwa dola 451,000 na mchezaji wa magongo ya barafu Wayne Gretzky akishirikiana na mfanyabiashara Bruce McNall, na mwaka 2007 ikauzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 Bill Mastro, dalali aliyekuwa ameiuza miaka ya nyuma, alikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba aliikata kingo zake.

Hatua ya nne: Tafuta bei katika mauzo yaliyokwisha kufanyika

Bei anayoiandika muuzaji ni matamanio yake. Bei ya kweli ni ile ambayo mtu ameshailipa. Kwenye eBay, chagua kichujio kinachoonyesha vilivyouzwa tu, na ujue kwamba pale muuzaji alipokubali dau la chini, bei inayoonekana kwenye orodha huenda isiwe ndiyo iliyolipwa. PSA huchapisha kumbukumbu za bei za minadani kwa kila kadi, na nyumba kubwa za mnada kama Heritage, Goldin na Robert Edward Auctions huacha matokeo yao wazi.

Chukua mauzo matano au sita ya karibuni ya kadi ile ile, kampuni ile ile na daraja lile lile, uyapange kwa tarehe, uondoe la juu kabisa na la chini kabisa isipokuwa kama unaona sababu yake, kisha utazame picha za yaliyobaki na kuuliza kadi unayoitaka inakaa wapi kati yao kwa uzuri wa macho. Usichanganye miaka. Mwezi Januari 2021, katika kilele cha hamu iliyokuja na janga la korona, Mantle ya 1952 ya PSA daraja la 9 iliuzwa kwa dola milioni 5.2, mwezi Machi mwaka huo huo PSA ililazimika kusimamisha huduma zake nyingi kwa kulemewa na wingi wa kadi zilizotumwa. Bei nyingi zilizopanda wakati ule zilishuka baadaye, na anayetumia bei ya 2021 kukadiria leo atalipa kuliko inavyostahili.

Tazama pia orodha ya idadi, ambamo kila kampuni huonyesha imepima kadi ngapi za aina fulani kwa kila daraja. Isome kwa tahadhari, kwa sababu watu huvunja kasha na kuipeleka kadi tena wakitumaini daraja la juu, na kadi moja inaweza kuhesabiwa mara mbili au tatu.

Hatua ya tano: Nunua kwa hesabu kamili

Kabla ya kutoa dau mnadani, soma kamisheni ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni takriban asilimia 20 juu ya dau. Dau la dola 500 huwa dola 600, kisha huongezeka usafirishaji, bima na kodi ya mauzo ya jimbo. Andika kikomo chako kwenye karatasi kikiwa tayari kimejumuisha vyote hivyo, na usikivuke.

Ingiza nambari ya cheti katika tovuti ya kampuni iliyopima, na ulinganishe jina, mwaka, daraja na, ikiwapo, picha. Watengenezaji wa makasha bandia hunakili nambari za vyeti vya kweli, kwa hiyo nambari kupatikana hakutoshi. Linganisha doa kwa doa na pembe kwa pembe.

Hatua ya sita: Kupeleka kadi kupimwa

Ukiwa na kadi isiyopimwa, linganisha ada ya upimaji, posta ya kwenda na kurudi na bima, na tofauti ya bei itakayopatikana. Kwa kadi ya mchezaji wa kawaida wa miaka ya 1960 yenye pembe zilizochakaa, hesabu mara nyingi haikubali. Ukiamua kuipeleka, itie katika mfuko laini kisha katika kishikizi cha plastiki kinachopinda kidogo, na usiisafishe kwa maji wala kwa kifutio. Kampuni hutoza ada kubwa zaidi kadi inapokuwa na thamani kubwa, kwa hiyo kadiria thamani kwa ukweli.

Hatua ya saba: Hifadhi, kumbukumbu na mauzo

Kasha halizuii hewa wala mwanga. Weka kadi mahali pakavu, penye giza na joto lisilobadilika, unyevu ukiwa karibu asilimia 50. Anayezichukua kwenda nazo Mombasa, Tanga au Zanzibar azifungie katika sanduku lenye mpira wa kuziba pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na avibadilishe vinapojaa. Usiitundike kadi ukutani panapopigwa na jua.

Weka daftari lenye tarehe ya ununuzi, jumla uliyolipa pamoja na kamisheni, nambari ya cheti na picha ya pande zote mbili. Kampuni ya bima itayadai hayo, na mamlaka ya kodi pia: nchini Marekani, faida ya kitu cha kukusanywa kilichomilikiwa kwa zaidi ya mwaka mmoja inaweza kutozwa hadi asilimia 28, na bila stakabadhi huwezi kuonyesha ulinunua kwa kiasi gani. Nakala ya daftari hilo mwachie mtu wa nyumbani mwako, ikiwa imeandikwa waziwazi kwamba makasha yasifunguliwe, kadi zisigawanywe kwa watoto kama vitu vya kuchezea, na zisiuzwe kwa mtu wa kwanza atakayebisha hodi kabla ya kutazama mauzo ya karibuni ya kila moja.